Mkataba wa Uhuru wa Afrika Kusini: Ahadi, Madaraka na Utekelezaji

Mataifa mengi yaliyopatikana kwa mapambano yana maandishi ambayo wananchi huyahesabu kuwa ndiyo msingi wa taifa lao. Maandishi hayo hueleza nchi ni ya nani, mali yake ni ya nani, na serikali inapata wapi haki ya kutawala. Siku ya kuyapitisha watu hushangilia. Lakini bendera ikishapandishwa huzuka swali ambalo haliwezi kujibiwa kwa shangwe: je, serikali iliyozaliwa na maandishi hayo inayaheshimu? Na kama haiyaheshimu, nani mwenye uwezo wa kuibana?

Katika makala hii tutalichambua swali hilo kwa kutumia mfano wa Afrika Kusini na Mkataba wake wa Uhuru wa 1955. Tumeuchagua mfano huo kwa sababu mbili. Kwanza, chama kilichoongoza kazi ya kuuandaa Mkataba ndicho kilichokamata madaraka mwaka 1994, kwa hiyo hakiwezi kusema kwamba kilirithi ahadi za watu wengine. Pili, sehemu ya historia ya Mkataba huo imepita katika ardhi yetu, Morogoro, na mafundisho yake yanatuhusu.

Mkataba ulivyozaliwa

Mwaka 1953 Profesa Z.K. Matthews, mmoja wa viongozi wa African National Congress (ANC), alitoa wazo la kuitisha mkutano wa watu wote wa nchi ile, bila kujali rangi, ili waandike wenyewe namna ya nchi wanayoitaka. Wazo lilikubaliwa na ANC pamoja na vyama vya Wahindi, vya machotara na vya Wazungu waliopinga ubaguzi. Watu wa kujitolea walitumwa mijini, mashambani na migodini kuuliza swali moja: ukipewa nafasi ya kutunga sheria, utatunga ipi? Majibu yalikuja kwa maelfu, mengine yakiwa yameandikwa kwenye vipande vya karatasi. Wapo waliotaka ardhi, wapo waliotaka pasi zifutwe, wapo waliotaka mishahara ya haki na shule za watoto wao.

Tarehe 25 na 26 Juni 1955 wajumbe wapatao 3,000 walikutana Kliptown, karibu na Johannesburg. Mkataba ulisomwa kifungu kwa kifungu na kupitishwa kwa sauti. Siku ya pili polisi wa makaburu waliuzingira mkutano, wakachukua karatasi na kuandika majina ya wajumbe. Desemba 1956 watu 156 walikamatwa kwa mashtaka ya uhaini, miongoni mwao wakiwamo Albert Luthuli, Oliver Tambo, Walter Sisulu na Nelson Mandela. Mkataba wenyewe ulikuwa ushahidi mkubwa wa upande wa mashtaka: serikali ilidai kwamba mambo yaliyoahidiwa mle hayawezi kutimizwa bila kuupindua utawala uliopo. Kesi ilikwisha Machi 1961 na washtakiwa wa mwisho wakaachiwa huru. Lakini wakati huo Sharpeville ilikwisha kumwaga damu ya watu 69, na ANC ilikwisha kupigwa marufuku.

Mkataba ulisema nini

Mkataba una vifungu kumi. Kwa muhtasari tunaweza kuvigawa katika mafungu matatu:

(a) Madaraka na haki. Watu wote watawale. Makundi yote ya taifa yawe sawa. Wote wawe sawa mbele ya sheria. Wote wapate haki za binadamu.

(b) Maisha. Pawepo kazi na hifadhi kwa mfanyakazi. Milango ya elimu ifunguliwe. Pawepo nyumba, matibabu na utulivu. Nchi iishi kwa amani na urafiki na nchi nyingine.

(c) Mali. Watu washiriki katika utajiri wa nchi, maana yake madini yaliyomo ardhini, mabenki na viwanda vya ukiritimba viwe mali ya watu wote. Na ardhi igawanywe kwa wale wanaoilima.

Fungu la tatu ndilo lililoleta mabishano tangu mwanzo. Wako waliosema kuwa huo ni ujamaa mtupu. Mandela mwenyewe aliandika mwaka 1956 kwamba Mkataba si ramani ya nchi ya kijamaa, na kwamba kuvunjwa kwa ukiritimba kungewafungulia Waafrika nafasi ya kumiliki viwanda na biashara. Kwa upande mwingine, wako waliousuta Mkataba kwa kusema kwamba nchi ni ya wote wakaao humo, weusi kwa weupe, wakati ardhi iliporwa kwa Waafrika. Hao walijitenga mwaka 1959 na kuunda chama cha PAC.

Kwa hiyo makada wasidhani kwamba hati ya taifa huwa na tafsiri moja tangu siku ya kwanza. Kila tabaka huisoma kwa macho yake. Mfanyakazi wa mgodini aliposikia kwamba madini yatakuwa ya watu, alielewa jambo moja. Mwenye duka aliyezuiwa kupanua biashara kwa sababu ya rangi yake alielewa jambo jingine. Wakati adui wao ni mmoja, hitilafu hiyo haionekani. Huonekana madaraka yakishapatikana.

Morogoro, 1969

Kuanzia mwishoni mwa Aprili 1969 ANC ilifanya mkutano wake wa mashauri mjini Morogoro. Wapiganaji walikuwa wamelalamika kwamba viongozi walioko nje wamejitenga na mapambano na wanaishi maisha yasiyolingana na ya askari. Mkutano ulifungua uanachama wa ANC walioko nje kwa watu wa rangi zote, ukaunda Baraza la Mapinduzi, na ukapitisha maelezo ya mkakati na mbinu za mapambano.

Katika maelezo hayo limo jambo ambalo tunapenda kulikazia. Wajumbe walikubaliana kwamba kupata kura na bendera tu, huku utajiri wa nchi ukibaki mikononi mwa wachache walewale, hautakuwa ukombozi hata kidogo. Kwa maneno mengine, chama chenyewe kilijiwekea kipimo chake, miaka 25 kabla ya kuingia Ikulu. Kwa sababu hiyo, anayeipima serikali ya Afrika Kusini kwa fungu la mali la Mkataba hatumii kipimo cha maadui wala cha wageni. Anatumia kipimo cha ANC yenyewe, kilichokatwa hapa kwetu.

Kutoka Mkataba hadi Katiba

Uchaguzi wa kwanza wa watu wote ulifanyika Aprili 1994, na ANC ikapata zaidi ya asilimia 62 ya kura. Katiba mpya ilitiwa saini na Rais Mandela tarehe 10 Desemba 1996 huko Sharpeville, ikaanza kutumika Februari 1997. Utangulizi wake unarudia wazo la Mkataba kwamba nchi ni ya wote wakaao humo. Haki za usawa, kura, nyumba, matibabu, chakula, maji na elimu zimo, na Mahakama ya Katiba imepewa nguvu ya kuiamuru serikali izitekeleze.

Fungu la mali liliingia kwa sura nyingine. Ahadi ya kuyafanya mabenki na viwanda vya ukiritimba kuwa mali ya watu haimo. Ibara ya 25 inalinda mali iliyopo na kutaka fidia ya haki serikali inapoitwaa. Hata hivyo, ibara hiyohiyo inasema kuwa marekebisho ya ardhi ni maslahi ya umma, na inaitaka serikali ichukue hatua ili wananchi wapate ardhi kwa usawa.

Tukipima tunaona nini?

Uchambuzi wa haki hapana budi utazame pande zote mbili. Tuanze na yaliyotekelezwa.

Kwanza, watu wanatawala kwa kura. Chaguzi zimefanyika kila miaka mitano. Mwezi Mei 2024 ANC ilipata asilimia 40 ya kura, ikakosa wingi wa viti kwa mara ya kwanza, ikakubali matokeo na kuunda serikali pamoja na vyama vingine. Katika bara letu hili si jambo dogo.

Pili, maisha ya mamilioni yamebadilika. Nyumba zaidi ya milioni 3 zimejengwa kwa fedha za serikali tangu 1994. Kwa mujibu wa sensa, mwaka 1996 kaya 58 katika kila 100 zilitumia umeme kwa taa. Mwaka 2011 zilifikia 85. Ruzuku ya watoto wa maskini ilianza 1998 na sasa inawafikia mamilioni.

Tatu, serikali imeshindwa mahakamani na wananchi wake. Mwaka 2000, katika kesi ya Grootboom, Mahakama ya Katiba iliamua kwamba mpango wa nyumba usiokuwa na nafasi kwa watu wasio na pa kulala kabisa unavunja Katiba. Mwaka 2002 chama cha kutetea wagonjwa wa UKIMWI kilishinda kesi iliyoilazimisha serikali kutoa katika hospitali zake dawa ya kuwakinga watoto wachanga wasiambukizwe na mama zao. Mwaka 2016 mahakama hiyohiyo ilisema kwamba Rais Jacob Zuma alivunja Katiba kwa kutorudisha fedha za umma zilizotumika katika makazi yake ya Nkandla. Akalipa.

Sasa tutazame yasiyotekelezwa.

Sheria ya ardhi ya 1913 iliwabakizia Waafrika kiasi cha asilimia 7 ya ardhi, na ile ya 1936 ikaongeza hadi kiasi cha asilimia 13. Mwaka 1994 serikali mpya iliahidi kugawa asilimia 30 ya mashamba ya Wazungu katika miaka mitano. Lengo halikufikiwa, likasogezwa mbele hadi 2014, na halikufikiwa tena. Hesabu ya ardhi iliyotolewa na serikali mwaka 2017 ilionyesha kuwa katika mashamba yanayomilikiwa na watu binafsi, asilimia 72 yalikuwa ya Wazungu, na asilimia 4 tu ya Waafrika.

Migodini, sheria ya 2002 iliyaweka madini chini ya dhamana ya taifa, lakini uchimbaji na faida vimebaki kwa makampuni. Mfanyakazi aliahidiwa kazi na hifadhi. Katika miaka ya karibuni takriban mtu mmoja kati ya watatu wanaotaka kazi hana. Na tarehe 16 Agosti 2012, huko Marikana, polisi wa serikali ya ukombozi waliwapiga risasi na kuwaua wachimbaji 34 wa platinamu waliogoma kudai mishahara. Miongoni mwa wakurugenzi na wenye hisa wa kampuni ile alikuwamo Cyril Ramaphosa, kiongozi wa juu wa chama tawala na Rais wa baadaye. Tume ya uchunguzi haikumtia hatiani. Lakini swali la kinadharia linabaki palepale: wafanyakazi na tajiri wanapogombana, kiongozi mwenye hisa yuko upande gani?

Sababu za tofauti hiyo

Wako wanaosema kwa mkato kwamba viongozi waliuza Mkataba. Wako wanaosema kwamba fungu la mali lilikuwa ndoto tangu mwanzo. Majibu yote mawili ni mepesi mno. Sisi tunaona sababu tatu.

(i) Uwiano wa nguvu. Wakati wa mazungumzo ya 1990 hadi 1994 jeshi, polisi, watumishi wakuu na uchumi vilikuwa mikononi mwa utawala wa zamani. Makaburu hawakushindwa vitani, walilazimika kuzungumza. Kambi ya ujamaa Ulaya ya Mashariki ilikuwa imeanguka, na wenye mitaji walikuwa tayari kuihamisha. Mwaka 1996 serikali iliuweka kando mpango wake wa ujenzi mpya wa 1994 na kushika sera ya kubana matumizi na kuvutia mitaji. Hapo fungu la maisha lilianza kugharimiwa kwa kodi ya uchumi ambao fungu la mali halikuugusa.

(ii) Mabadiliko ya tabaka ndani ya chama. Sera ya kuwapa Waafrika hisa katika makampuni makubwa iliwainua wachache, na wengi wa hao wachache walikuwa na jina au jamaa katika chama. Kiongozi aliyepata hisa hana haraka ya kuona mgodi unakuwa mali ya watu wote.

(iii) Ukosefu wa nyenzo mikononi mwa mwananchi. Hili ndilo kubwa kwetu. Mgonjwa wa UKIMWI alikuwa na ibara ya kusimamia, mahakama ya kwenda, na chama cha wenzake cha kumsindikiza. Mkulima asiye na ardhi ana ibara, lakini hakutungiwa sheria inayosema wazi nani apewe kwanza, kwa kipimo gani, na ifikapo lini. Jambo likaachwa katika busara ya ofisa na mwanasiasa. Jopo lililoongozwa na Rais mstaafu Kgalema Motlanthe lilieleza mwaka 2017 kwamba kikwazo kikubwa hakikuwa Katiba. Lilitaja bajeti ya ardhi iliyokuwa chini ya asilimia 1 ya bajeti ya taifa, na wenye uwezo na wenye kujuana kuwatangulia maskini. Mashamba mengi yaliyonunuliwa yalibaki ya serikali, na mkulima akawa mpangaji wa serikali badala ya mpangaji wa kaburu.

Desemba 2021 jaribio la kuibadili ibara ya 25, ili ardhi itwaliwe bila fidia, lilikosa theluthi mbili za kura Bungeni. Januari 2025 Rais Ramaphosa alitia saini sheria mpya ya utwaaji inayoruhusu, katika hali maalumu, fidia kuwa sifuri. Sheria hiyo ni hatua. Lakini kama uchambuzi wetu ni sahihi, kutwaa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumwezesha asiye na ardhi kudai zamu yake bila kumbembeleza mtu.

Ni lazima pia tukubali mpaka wa mahakama. Mama ambaye kesi ya nyumba ya mwaka 2000 ina jina lake alifariki mwaka 2008 akiwa bado anaishi kibandani. Hukumu ilibadili sera ya nchi nzima, wala haikumjengea yeye chumba. Ushindi wa dawa ulileta matunda kwa haraka zaidi kwa sababu nyuma ya mawakili walikuwapo wanachama wenye matawi, waliozijua haki zao na kuandamana kuzidai. Haki iliyoandikwa huhitaji mahakama, na mahakama nayo huhitaji umma ulioelimika na wenye umoja.

Mafundisho kwa makada

Sisi katika Tanzania hatuko nje ya mjadala huu. Azimio la Arusha, lililotangazwa Februari 1967, lilifika mahali ambapo Mkataba wa Uhuru haukufika: lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili au kupangisha nyumba. Waliolitunga walijua kwamba msingi hauwezi kulindwa na mtu mwenye faida katika kuubomoa. Masharti hayo yalilegezwa na Halmashauri Kuu ya Taifa huko Zanzibar mwaka 1991, yaani na kikao cha viongozi ambao ndio waliobanwa nayo.

Vilevile, Katiba yetu ya 1977 ina sehemu nzima inayoeleza malengo muhimu na misingi ya mwelekeo wa shughuli za Serikali: utu, haki, kufuta umaskini, utajiri wa taifa kutumika kwa manufaa ya wote. Ni maneno ya kujivunia. Lakini ibara ya 7 inasema kwamba sehemu hiyo haiwezi kutiliwa nguvu na mahakama yoyote. Sheria ya haki za binadamu, iliyoingizwa 1984 na kuanza kudaiwa mahakamani 1988, ina nyenzo. Misingi ile haina. Tunakumbusha haya ili kila kada ajue kwamba pale ambapo mahakama haina uwezo, wajibu wa chama unazidi. Chama kikinyamaza hapo, msingi hubaki bila mlinzi.

Kutokana na uchambuzi huu tunapata mafundisho manne:

1. Chama kilichoandika hati ya taifa hakipati kwa sababu hiyo haki ya kuwa hakimu peke yake wa utekelezaji wake. ANC iliuzaa Mkataba, lakini waliouhuisha baada ya 1994 walikuwa mara nyingi ni wagonjwa, wasio na makazi na wachimbaji waliosimama mbele ya serikali ya ANC.

2. Ahadi isiyo na kipimo, tarehe na mahali pa kuidai hugeuka kuwa pambo la hotuba. Kada anapotetea mpango wowote aulize: mwananchi akinyimwa jambo hili, aende wapi?

3. Maadili ya uongozi ni sehemu ya uchumi. Huwezi kutenga suala la nani anamiliki mgodi na suala la nani kati ya viongozi ana hisa mle.

4. Hati ya taifa isomwe upya na kila kizazi, hadharani, kifungu kwa kifungu, huku hesabu za utekelezaji zikiwa mezani. Watu wa Kliptown waliulizwa kabla ya kuandikiwa. Wajukuu wao nao wanastahili kuulizwa.

Waswahili husema ahadi ni deni. Deni la Mkataba wa Uhuru limelipwa kwa sehemu, na sehemu iliyolipwa isidharauliwe, kwa maana watu walikufa kwa ajili yake. Lakini mkopeshaji ni umma, na umma haujasamehe salio. Matokeo ya 2024 yalikuwa barua ya kukumbusha. Chama cha ukombozi kinachojibu barua ya namna hiyo kwa kutaja vita vya zamani, badala ya kuonyesha vitabu vyake vya hesabu, kitaandikiwa nyingine iliyo kali zaidi. Kazi ya kada, hapa na kule, ni kuvifungua vitabu hivyo mapema, kabla wenye mali hawajaja kuvidai.

Maswali ya kujadili katika matawi na madarasa

1. Kwa nini fungu la mali la Mkataba wa Uhuru liligusa maslahi ambayo fungu la madaraka halikuyagusa?

2. Linganisha mwananchi anayedai dawa na mwananchi anayedai ardhi. Kila mmoja ana nyenzo gani mkononi?

3. Je, masharti ya uongozi yanaweza kulindwa na kikao cha wale wanaobanwa nayo? Kama hayawezi, yalindwe na nani?